Sindano ya Kukinga

Runazi, Biharamulo
19 Machi 1995

Shangazi Domisiana,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute hapo Murusagamba ukiwa umesimama kwa miguu yote miwili, maana baba alisema goti lako linasumbua tena. Huku kwetu Runazi mvua zimekuja vizuri na maharage yametoa maua. Duka la Elick linafunguliwa siku kukiwa na kitu cha kuuza. Siku hizi chumvi na sabuni zote zinakimbilia kwenu Ngara, kwenye kambi za wakimbizi, kwa sababu huko zina bei. Elick anakusalimu sana. Mama mkwe wangu, Mama Anjelika, naye anakusalimu, anauliza kama huko mpakani mnalala usingizi au mnasikiliza risasi tu.

Najua baba ameshakwambia, yule ndugu yako hajui kuweka kitu moyoni. Ndiyo, nina mimba. Imeingia mwezi wa tano. Juu ya yule wa kwanza sitaandika. Wewe ulikuja kumzika, unajua.

Sasa sikiliza shida yangu. Nilipokwenda kliniki nesi aliniuliza yule wa kwanza alikufaje. Nikamweleza jinsi alivyozaliwa mzima, akanyonya, halafu baada ya siku chache taya zikakaza, akashindwa kufungua mdomo, mwili ukawa unajikunja. Nesi akaacha kuandika. Akasema ile ni pepopunda, na kwamba nikichomwa sindano mimi mama, mtoto atazaliwa na kinga yake. Akanichoma palepale, mkono wa kushoto. Akasema lakini moja haitoshi, lazima nirudi mwezi ukiisha kwa sindano ya marudio, bila hiyo ni sawa na kujenga ukuta nusu.

Shangazi, jioni mkono ulikuwa mzito kama si wa kwangu. Nilipata homa, nikatetemeka chini ya blanketi mbili. Asubuhi pale palipochomwa palikuwa pamevimba, pekundu, pagumu ukipagusa. Mama mkwe akapaona nikioga. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama anavyosema anapokasirika kweli, kwamba huko sirudi. Anasema alisikia kwa masikio yake mwenyewe, si umbea wa kisimani, gari la matangazo likipita na kipaza sauti na kusema wazi kwamba wanakuja kufunga uzazi wa wanawake. Siku hiyo mimi nilikuwa shambani, sikulisikia. Majirani nao wanasema hizo sindano ni mabaki ya kambini, zilipowashinda wakimbizi ndiyo tukaletewa sisi.

Nampa barua hii Mayunga, dereva wa lori linalopeleka mahindi Ngara na kurudi na ndizi. Amesema anafika mpaka sokoni kwenu. Nijibu, Shangazi. Nikikaa kimya hapa wataamua wao.

Mwanao,
Irine


Murusagamba, Ngara
9 Aprili 1995

Irine mwanangu,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Goti limepona, lililobaki ni uzee, na huo hauna dawa. Risasi hatusikii kila siku, mwambie Mama Anjelika. Tunachosikia kila siku ni shoka. Watu ni wengi, kuni zimekwisha, mti niliopanda mimi mwenyewe mwaka nilioolewa umekatwa nikiwa kwenye misa. Nilikasirika, halafu nikamwona aliyeukata, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mwingine tumboni, nikamwachia na matawi. Migomba yangu ni mizima. Baba yako alikuja kutoka Nyamiaga, akala, akalalamika, akarudi.

Mimba nimeisikia na nimefurahi mpaka nikaimba peke yangu jikoni. Sasa hayo ya mkono.

Mimi nimechomwa sindano hiyohiyo mara tatu. Walipita kijiji kizima kwa sababu ya wingi wa watu huku, wakataka wanawake wote wanaoweza kuzaa. Nesi akaniangalia usoni akauliza miaka yangu. Nikamwambia miaka yangu ni siri yangu na ya padre aliyenibatiza, wewe choma. Ya kwanza haikunifanya kitu. Ya pili niliumwa kichwa siku moja. Ya tatu ndiyo ilinionyesha! Mkono haukupanda, nikashindwa kujitwisha mkungu wa ndizi, nikala kwa kuinamia sahani. Homa ikaja, ikakaa siku mbili, ikaenda zake. Wiki haikuisha nikawa nalima.

Na si mimi tu. Jumapili ile kwenye jumuiya hapakuwa na sala, palikuwa na maonyesho ya mikono. Kila mwanamke anapandisha nguo begani, anasema wa kwake ndio umevimba kuliko yote. Deodata, yule jirani yangu mwenye maneno mengi, alikuja amefungwa kitambaa mkono mzima, amesaidiwa kuketi, ameletewa na maji. Jumapili iliyofuata akaja na kitambaa kilekile kwenye mkono mwingine. Tulicheka mpaka mzee wa jumuiya akatufukuza. Lakini nakwambia ukweli, mwanangu, hakuna aliyekufa, hakuna aliyelemaa, na wawili kati yao wana mimba sasa hivi zinazoonekana toka barabarani. Kama ni kufungwa, basi waliwafunga vibaya sana.

Hao wanaosema mabaki ya kambini waulize jambo moja. Yale mahindi ya njano mnayokula huko yametoka wapi? Na mafuta ya makopo? Na blanketi hizo mbili ulizojifunika? Vya kambini vyote vitamu, sindano tu ndiyo chungu!

Nesi amekwambia urudi, urudi. Mkono kuvimba ni mkono kuvimba. Lakini huyo mama mkwe simwelewi. Namjua, si mtu wa kutunga uongo. Akisema alisikia, alisikia. Mwulize kwa heshima neno lenyewe walilolitamka ni lipi, kama lilivyotoka kwenye kipaza sauti, uniandikie.

Shangazi yako,
Domisiana


Runazi
14 Mei 1995

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, tulikuwa kwenye kuvuna maharage na Mayunga hakupita wiki nyingi. Maharage yamekuwa mengi, ghala limejaa. Elick anakohoa kidogo. Tumbo limekua, na mtoto anacheza hasa ninapokaa chini kula.

Nimemwuliza. Nilingoja tukimenya mihogo, sisi wawili tu, nikamwambia, "Mama, lile gari lilisema neno gani?" Akanijibu bila kusita, "Lilisema *kukinga*. Sindano ya kukinga uzazi wa akina mama. Mara tatu lilisema."

Mikono yangu ikasimama. Shangazi, wewe unajua. Kwa Kisubi, lugha yao ya huku, kukinga ni kufunga mlango. Jioni akitaka nifunge mlango wa mbuzi ndilo neno analonitumia. Mama mkwe hakusoma, Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na salamu. Alisikia mtu wa serikali akipita barabarani mchana kweupe na kusema watafunga mlango wa uzazi wa wanawake wote wa Runazi. Akaja kuwaambia wenzake, na wenzake nao walikuwa wamesikia vilevile. Ndiyo maana kliniki siku ile walikuwa wachache namna ile, mimi nikafikiri ni kwa ajili ya mvua.

Nilicheka. Sikupenda kucheka lakini kicheko kilinitoka. Nikamweleza kwamba kwa Kiswahili kukinga ni kuzuia kitu kibaya kisikupate, kama kukinga mvua kwa mwavuli. Akasema, "Sawa, neno linaweza kuwa na Kiswahili chake. Na mkono wako je, nao ulivimba kwa Kiswahili?" Akachukua beseni lake akaingia ndani. Tangu siku hiyo ananisemesha ya lazima tu.

Elick ndiye ananikera zaidi. Nilimwuliza na yeye anasemaje. Akasema, "Mimi sikukatazi. Lakini usije ukasema nilikubali." Hilo ni jibu la mwanamume gani?

Mwezi alioniambia nesi umeshapita. Kadi yangu ya kliniki naiona kila nikifungua sanduku.

Irine


Murusagamba
28 Mei 1995

Mwanangu,

Marahaba. Elick mpe maji ya moto na tangawizi, akiendelea kukohoa apimwe. Hapa mpaka wa Burundi umefungwa, lakini watu wanapita porini, wamechoka, miguu imevimba. Bei ya ndizi imepanda nami nimenunua bati mbili. Ndiyo habari yetu, shida ya mmoja inaezeka nyumba ya mwingine, na sijui niione vipi.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili hapana. Kukinga! Mtu mmoja amekaa ofisini akachagua neno zuri la Kiswahili, hakumwuliza hata mwanamke mmoja wa huku, na wilaya nzima ikafunga milango yake. Hata Kihangaza chetu, bibi akisema kinga, unakwenda kwenye mlango. Na huku lilisikika hivyohivyo, nakumbuka sasa. Sisi tulibahatika kwa sababu mama mmoja alisimama kanisani akauliza kwa sauti kubwa, "Mnatufunga ili iweje?" Nesi akaelewa, akaanza upya kwa Kihangaza.

Lakini umefanya kosa kumcheka. Mimi siku ya kwanza kliniki walipoita, "Mjamzito aingie," nilikaa pale nikimngoja huyo Bi Mjamzito ainuke. Wakaita tena na tena. Nikamwambia jirani yangu, huyu mama ni kiziwi. Kumbe ni mimi! Kwa hiyo tusichekane kwa Kiswahili. Kaombe radhi, na uombe kwa lugha yake.

Kuna jambo jingine na nitaliandika mara moja tu. Hujalitaja wewe, sikulitaja mimi, hata siku ile ya mazishi hakuna aliyelitaja. Mtoto yule nani alimpokea? Basi. Sasa fikiri. Nesi akisema ugonjwa ule unaingia kwa kitovu, kwa wembe mchafu na vitu vinavyopakwa, Mama Anjelika anasikia nini? Wewe unaambiwa kuna sindano. Yeye anaambiwa kwamba ni mikono yake. Ningekuwa yeye, ningesema sindano ni ya uongo mpaka naingia kaburini. Usimwulize kamwe, usimwonyeshe kwamba umefikiri hivyo. Mpende tu kuliko ulivyokuwa unampenda.

Na uende kuchomwa. Hayo mawili hayapingani. Unaweza kumheshimu mtu na bado ukaenda. Ukingoja mpaka kila mtu mle ndani akubali, mtoto atazaliwa kabla. Nesi wetu anasema sindano ya pili ikikaribiana mno na kuzaa haina faida, mwili unataka majuma ya kuitengeneza hiyo kinga. Wewe ni binti wa Matiasi, ukaidi unao wa kutosha, utumie.

Ningepanda juu ya magunia ya Mayunga nije nikupeleke mwenyewe hapo kliniki nimekushika sikio. Baba yako amenikataza kwa sababu ya majambazi wa msituni, nami safari hii nimemsikia.

Shangazi Domisiana


Runazi
2 Julai 1995

Shangazi,

Shikamoo. Ninaandika kwa haraka, lori liko barabarani na Mayunga anapiga honi.

Nimechomwa ya pili. Ilikuwa Jumatano. Sikutoroka. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikapiga goti kwa mama mkwe, nikamwambia kwa Kisubi kwamba naomba radhi kwa kumcheka, na kwamba sasa nakwenda kliniki. Aligeuka akaendelea na mihogo yake. Elick alikuwa dukani, akaniona nikipita, akainama kupanga viberiti vilivyokwisha kupangwa. Kliniki tulikuwa watatu tu.

Ya pili ni kali kuliko ya kwanza. Mkono umevimba mpaka karibu na kiwiko, unawaka. Homa, viungo vyote, hata meno yanauma. Nimeshindwa kutwanga udaga wa mihogo, na Elick ametwanga yeye, ndani, amefunga mlango na dirisha majirani wasimwone mwanamume anatwanga. Mtwangio unasikika njia nzima! Hayo yote navumilia, najuta hata kidogo? Sijuti.

Lakini tangu jana asubuhi mtoto hachezi. Nimekula, nimekaa chini kama kawaida, kimya. Sijamwambia mtu. Mama mkwe ananitazama tumbo, na mimi naogopa akiniuliza uso wangu utasema. Kama nimemuua kwa miguu yangu mwenyewe, Shangazi, sitaweza kukaa kwenye nyumba hii.

Honi tena. Niombee.

I.


Murusagamba
23 Julai 1995

Irine, Irine,

Barua yako nimeipata leo, baada ya misa. Imekaa wiki tatu kwenye lori! Mayunga amekuja na kioo kimevunjwa. Anasema walisimamishwa msituni, wakanyang'anywa hata viatu, halafu wakangojeshwa siku nyingi mpaka wapate polisi wa kuwasindikiza. "Mama, balabala mbaya," ndivyo alivyosema, akanipa bahasha imekunjamana. Nikataka kumpiga na nikampa chai.

Sisi wote ni wazima, sina jingine la kusema kwenye salamu.

Najua ninachokuandikia leo kimeshachelewa, jambo lenyewe limekwisha kuwa lilivyokuwa. Naandika hivyohivyo. Nimekwenda kwa nesi wetu nikiwa bado na nguo za kanisani, nikamsomea maneno yako. Akasema homa ya mama inaweza kumtuliza mtoto, na mara nyingi homa ikishuka anarudi kucheza. Akasema sindano hii wanachoma wajawazito kila siku, haimdhuru mtoto. Lakini akasema pia kwamba mama akiona mtoto ametulia siku nzima asikae nyumbani kungoja, aende apimwe siku hiyohiyo. Je, ulikwenda? Ulimwambia mtu? Kwa nini umemficha hata Elick? Nimekukasirikia. Mwanamume anayetwanga udaga kwa ajili yako angekubeba mgongoni mpaka zahanati.

Na hilo la kusema umemuua kwa miguu yako, nisilione tena kwenye karatasi. Miguu yako ilikwenda kumtafutia uhai. Hata kama kumetokea lolote, lolote, mimi ndiye niliyekwambia nenda. Lawama ikitafuta mtu, ielekezwe Murusagamba.

Nijibu neno moja tu. Anacheza au hachezi.

Domisiana


Murusagamba
20 Agosti 1995

Mwanangu Irine,

Salamu zangu zikufikie popote zitakapokukuta.

Mayunga amepita mara mbili bila barua. Mara ya pili nilimwuliza kama aliona hata nguo za mtoto kwenye kamba. Akasema yeye hupita barabarani, hatazami kamba za watu. Baba yako amekuja, amekaa siku nzima hapa uani hasemi kitu, na wewe unajua jinsi anavyopenda kusema. Tumepiga hesabu, kila tukihesabu tunaona umeshajifungua.

Naogopa, Irine. Sikuwahi kukuandikia hivyo lakini naogopa. Kila nikisema ningesema vilevile nenda, na kweli ningesema, moyo unanipiga. Deodata jana alikuja kuuliza habari zako, nikamjibu vibaya, akaondoka analia.

Kama ni msiba, niandikie. Nitakuja, barabara iwe ilivyo.

Shangazi yako


Runazi
10 Septemba 1995

Shangazi yangu Domisiana, na Baba kama bado yupo hapo,

Shikamooni. Sisi huku ni wazima wote. Naanza na hilo kabla ya lolote. Mimi ni mzima, na mtoto ni mzima.

Nisamehe kwa kunyamaza. Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya Julai ilinikuta nimeshapata jibu. Siku ileile niliyompa Mayunga barua nilimwambia Elick. Alifunga duka mchana kweupe, wateja wamesimama, akanipandisha kwenye baiskeli mpaka zahanati. Nesi akaweka kile kipembe chake tumboni, akasikiliza mpaka nikaanza kulia, halafu akanishika mkono akasema moyo unapiga vizuri. Homa iliposhuka mtoto akaanza tena, akinipiga mbavu kama amekasirika. Ningekuandikia siku ileile, lakini lori lilikwama, unajua mwenyewe, halafu nikaona aibu ya kelele nilizokupigia.

Ile ya Agosti nilikuwa nayo mkononi na sikuweza kuijibu. Nitakwambia kwa nini.

Uchungu ulinishika nikipalilia mihogo. Zahanati ni mbali na mambo yalikwenda mbio, baiskeli isingefaa. Nikabaki na mama mkwe, kama mara ya kwanza. Alinilaza, akatoka. Nikamsikia akimwita Elick dukani, akitaka wembe mpya, ulio bado kwenye karatasi yake. Akauweka kwenye sufuria, akachemsha muda mrefu mpaka mimi katikati ya uchungu nikawaza kwamba anapika wembe. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mtoto alipotoka akakata, akafunga kwa uzi uliochemshwa, na kitovuni hakupaka kitu chochote. Hakusema neno kuhusu hayo, nami sikusema. Nililala nikimwangalia mgongo, nikatamani kumkumbatia, nikaogopa kumwaibisha.

Halafu ikaanza wiki ile. Wewe unajua ni wiki gani. Yule mwingine naye alizaliwa mzima, alinyonya, tukafurahi, tukatoa jina. Safari hii hatukutoa jina. Sikutaka kuandika barua ya furaha halafu nifuate na nyingine. Kila akinyonya niliangalia taya. Akipiga miayo niliacha kupumua mpaka amalize. Elick alikuwa anaingia toka dukani bila sababu, anatazama, anatoka. Mama mkwe hakulala kitandani kwake siku zote hizo, aliketi mlangoni kwangu na kanga begani. Siku moja mtoto alilala mno, nikamwona ananyata, anaingiza kidole kidogo mdomoni mwa mtoto, naye akakinyonya kwa nguvu. Akabaki hivyo amemwinamia, hakutoa kidole.

Wiki ikapita, na nyingine. Sasa ana mwezi kasoro, amenenepa, ana shingo kama ya Baba. Anaitwa Privatus, jina amelitoa mama mkwe.

Sindano ya tatu nimeambiwa ni Januari. Nitakwenda. Mkono ukivimba uvimbe, udaga Elick ameshajua kuutwanga. Wanawake wa hapa wananijia sasa, wananiuliza mkono uliuma kiasi gani, homa ilikaa siku ngapi, na mimi siwafichi. Nawaambia iliuma sana, ya pili zaidi. Nadhani wananiamini kwa sababu hiyo. Deodata mwombe radhi kwa niaba yangu.

Jana mchana mtoto alilia. Alilia kwa hasira, amekunja ngumi, sauti ikifika mpaka barabarani. Jirani yetu Rozalia akaja mbio akauliza kwa nini tunamwacha mtoto analia namna hiyo na watu wazima tuko hapa. Nikainuka nimnyonyeshe. Mama mkwe, ambaye ndiye alikuwa amempakata, akanizuia kwa mkono. Akamwambia Rozalia, "Mwache alie kidogo. Nautazama mdomo wake ulivyofunguka."

Mwanao,
Irine